Fedha Ndani ya Jicho

Mara nyingi anayekutwa nayo hakwenda hospitali kwa ajili hiyo. Amekwenda kupimwa miwani ya kusomea, au mtoto wa jicho ameanza kumsumbua na anataka apangiwe siku ya upasuaji. Anakalishwa mbele ya ile mashine ya kupimia macho, anaambiwa aegemeze kidevu hapa na paji la uso liguse mkanda wa pale juu, taa za chumba zinazimwa, kisha daktari anapitisha mstari mwembamba wa mwanga juu ya jicho, taratibu, kutoka pembe ya nje hadi ya ndani. Kwa mstari huo konea huonekana kwa ubavu, tabaka baada ya tabaka. Mbele safi. Katikati safi. Nyuma kabisa, upande unaotazama ndani ya jicho, mwanga unakutana na punje ndogo zisizohesabika, za kijivu kinachoelekea buluu, na pengine zinametameta kidhahabu au kijani kutegemea mwanga umeingilia wapi.

Maswali yanayofuata hayahusu kuona. "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" Na baada ya hapo: "Kuna dawa yoyote ya macho uliyoitumia kwa miaka mingi?"

Punje hizo zimetokana na madini ya fedha, yale yale anayoyafua sonara akitengeneza bangili. Madaktari huiita hali hiyo argirosi, na mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanafuata njia inayopitiwa na fedha mpaka ikajikuta mahali pasipofikika kirahisi hivyo katika mwili wa binadamu. Njia yenyewe ina mambo: inapita wodi ya wazazi ya Leipzig, inapita Kenya, inapita jumba la michoro la Philadelphia, na inaingia hadi nyumbani kwa mgombea useneta wa Marekani.

Kwanza mahali penyewe. Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, kinachofunika mboni na duara lenye rangi linaloizunguka. Katikati yake unene haufiki milimita moja. Ni kama nusu tu. Haina mishipa ya damu hata mmoja, maana mshipa ungezuia mwanga. Chakula chake inakipata kutoka kwenye machozi na kwenye maji yaliyo ndani ya jicho, na oksijeni inaipata hewani. Ngozi yake ya juu kabisa hujibadilisha upya kila baada ya wiki moja hivi, ndiyo maana mtu aliyekwaruzwa jicho na jani la muhindi leo, asipopata maambukizi, baada ya siku chache hana habari tena.

Huko nyuma mambo ni tofauti. Kuna utando unaoitwa utando wa Descemet, kwa jina la daktari Mfaransa wa karne ya 18, Jean Descemet. Kwa mtu mzima unene wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Utando huo haubanduki wala haujibadilishi kila wiki. Kinachonasa pale kinakaa, na kwa kuwa hakuna damu inayopita, hakuna cha kukizoa. Shaba nayo hunasa hapo hapo kwa wenye ugonjwa wa Wilson, ambao ini lao linashindwa kuitoa shaba mwilini. Kwao daktari huona pete ya rangi ya kahawia au kijani ukingoni mwa konea, iliyoelezwa na Wajerumani wawili, Kayser mwaka 1902 na Fleischer mwaka 1903. Shaba hupenda ukingo. Fedha hujitawanya hata katikati.

Kwa nini fedha igeuke kijivu? Wanaokumbuka enzi za kamera za mkanda wanalo jibu tayari. Mkanda ule ulipakwa chumvi za fedha, na palipopigwa na mwanga, chumvi ilianza kugeuka kuwa fedha halisi, punje nyeusi ndogo mno, na kazi ya kusafisha picha kwenye chumba cha giza ilikuwa kukamilisha mabadiliko hayo. Jicho ni kiungo kinachokaa juani mchana kutwa. Fedha iliyoyeyuka ikiingia kwenye ngozi laini ya jicho hujishika na protini, sehemu yake ikaungana na salfa iliyomo mwilini, na mwanga ukasaidia kuigeuza kuwa punje zisizoyeyuka. Kemia ni ile ile ya studio ya mtaani, tofauti ni kwamba hapa picha haisafishwi kwa siku moja. Inachukua miaka.

Fedha iliingizwa machoni kwa nia njema kabisa. Katika karne ya 19 huko Ulaya, watoto wachanga walikuwa wakipofuka kwa wingi kutokana na kisonono. Mama mwenye ugonjwa huo anapojifungua, mtoto hupita kwenye usaha, na ndani ya siku mbili hadi tano kope huvimba, tongotongo za manjano hububujika, na asipotibiwa konea hutoboka. Albert Neisser alikuwa na miaka 24 tu alipomtambua mdudu wa kisonono mwaka 1879. Wakati huo Carl Credé, mkuu wa hospitali ya wazazi ya Leipzig, alikuwa ameshahangaika na njia nyingine kadhaa, ikiwa ni pamoja na kuwaosha akina mama kabla ya kujifungua. Mwaka 1880 akaacha yote hayo, akageukia macho ya mtoto mwenyewe: yafutwe kwa maji safi, kope zifunguliwe, na kijiti cha kioo kidondoshe tone moja la nitrati ya fedha ya asilimia 2 katika kila jicho.

Watoto wenye ugonjwa huo hospitalini kwake walikuwa takriban 10 katika kila 100 waliozaliwa. Wakashuka hadi chini ya mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1881, na miaka michache baadaye wakunga wa nchi nyingi walikuwa wakidondosha fedha. Baadaye nguvu ya dawa ilipunguzwa hadi asilimia 1, kwa sababu tone lile lilikuwa kali: macho ya mtoto yalikuwa mekundu na yamevimba kwa siku moja au mbili, na palipotokea uzembe dawa ikaandaliwa kali kupita kiasi, iliunguza konea yenyewe.

Na hapa ndipo Kenya inapoingia, kwa uzito ambao haupewi nafasi yake. Dawa ya Credé ilitumika kwa karibu karne nzima kabla ya kupimwa vizuri dhidi ya dawa nyingine mahali ambapo ugonjwa bado upo. Ulaya kisonono cha macho ya watoto kilishakuwa nadra kiasi cha kutoweza kupimwa. Miaka ya 1980 timu iliyomjumuisha mtafiti Marie Laga ilifanya jaribio nchini Kenya, likachapishwa mwaka 1988: watoto 2,732, wengine wakapewa tone la nitrati ya fedha ya asilimia 1, wengine mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1, kisha wakafuatiliwa kwa siku 28. Kwa watoto waliozaliwa na akina mama wenye kisonono, fedha ilipunguza ugonjwa wa macho kwa asilimia 83. Tetrasaiklini ilipunguza kwa asilimia 93. Kwa klamidia, mdudu mwingine wa zinaa anayeshambulia macho ya wachanga, fedha ilifika asilimia 68 na tetrasaiklini 77. Kumbe ile tyubu ya mafuta ya bei ya chini, ambayo haimwachi mtoto akilia na macho yamevimba, haikuwa nyuma hata kidogo.

Mwaka 1995 likachapishwa jaribio la pili, nalo la Kenya, safari hii la watoto 3,117. Fedha ilishindanishwa na mafuta ya erithromaisini na tone la povidoni ya iodini, ile dawa ya rangi ya kahawia inayopakwa kabla ya upasuaji, ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 2.5. Waliopata maambukizi ya macho walikuwa asilimia 17.5 kwa upande wa fedha, 15.2 kwa erithromaisini na 13.1 kwa iodini. Iodini ilikuwa na jambo jingine linalompendeza muuguzi wa zamu ya usiku: inaacha rangi kwa muda mfupi, kwa hiyo hahitaji kubahatisha ni mtoto gani ameshawekewa dawa na yupi bado.

Credé yumo katika vitabu vya ukunga. Wale akina mama karibu 6,000 wa Kenya waliokubali watoto wao wa saa chache washiriki katika majaribio hayo wako kwenye majedwali tu, ingawa mafuta yanayopakwa leba leo yalithibitishwa kwa macho ya watoto wao. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2016, tetrasaiklini, erithromaisini na povidoni ya iodini zilikuwemo kwenye orodha ya dawa za kuwakinga watoto wachanga. Fedha nayo haikufutwa. Ilibaki kama chaguo moja kati ya kadhaa.

Ila yule mzee wa kwenye mashine ya macho hakupata punje zake siku aliyozaliwa. Tone moja la asilimia 1 katika kila jicho, tena mara moja tu maishani, halitoshi kuchora utando wa Descemet. Inatakiwa fedha irudi na kurudi, kwa miezi na miaka. Na nitrati, kwa ukali wake, haikuruhusu jambo hilo: nani atajidondoshea kitu kinachochoma kila siku kwa miaka kumi? Maumivu yalikuwa breki. Aliyeiondoa breki hiyo ni Daktari Albert Barnes wa Philadelphia.

Barnes alizaliwa mwaka 1872 katika familia ya kimaskini, akasomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kemia na biashara. Pamoja na mkemia Mjerumani, Hermann Hille, alifanikiwa kuifunga fedha ndani ya protini ili isiunguze. Mwaka 1902 dawa hiyo ya maji ya rangi ya kahawia iliingia sokoni kwa jina la Argyrol. Iliua vijidudu bila kuuma. Madaktari wakaipenda, hospitali za wazazi zikainunua, na baada ya muda si mrefu ikawa dawa ya kila jicho jekundu, kila pua iliyoziba, kila koo linalowasha. Watu waliiweka kabatini nyumbani na kuitumia kadiri walivyoona wenyewe inafaa.

Barnes akatajirika vibaya sana. Mwaka 1929, miezi michache kabla ya soko la hisa la New York kuporomoka, aliiuza kampuni. Bahati ya namna hiyo haimfikii kila mtu. Fedha za Argyrol zilinunua michoro: 181 ya Renoir, 69 ya Cézanne, 59 ya Matisse, yote chini ya taasisi aliyoianzisha mwaka 1922, ambayo tangu 2012 ina jumba lake katikati ya Philadelphia. Anayetembelea kumbi zile anatazama rangi zilizolipiwa na dawa ambayo, kwa baadhi ya wateja wake, iliyapaka macho rangi nyingine.

Maana hao ndio waliojaza vitabu vya madaktari wa macho katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Weupe wa jicho ulikuwa wa kwanza kubadilika, hasa ndani ya kope ya chini, ambako dawa hutuama, na kile kinyama cha waridi kilicho kwenye pembe karibu na pua. Vyote vikawa vya rangi ya jivu. Wapasuaji waliofungua kifuko cha machozi cha wagonjwa wa aina hiyo walikikuta kimegeuka cheusi. Konea ilifuata baadaye, kwa waliotumia zaidi. Rangi za kope zenye nitrati ya fedha nazo zimewahi kuleta hali hiyo hiyo kwa waliozitumia miaka mingi.

Kundi jingine ni la viwandani, na hili halikuhitaji dawa yoyote. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa za wafanyakazi 30 wa kiwanda kimoja kilichotengeneza nitrati na oksidi ya fedha. Vumbi lilikuwa hewani. Waliingia nalo zamu, wakatoka nalo. Ishirini kati yao walikuwa na fedha kwenye ngozi laini ya jicho, na kumi na watano walikuwa nayo kwenye konea. Kadiri mtu alivyofanya kazi miaka mingi ndivyo konea ilivyozidi kuwa na rangi. Ajabu ni kwamba macho yenyewe yalifanya kazi. Kumi walilalamika kwamba usiku hawaoni vizuri kama zamani, lakini walipopimwa kwa vifaa vyote vilivyokuwepo, hakuna hitilafu iliyopatikana. Punje ni ndogo na zimetawanyika kiasi kwamba haziwezi kuziba mwanga.

Kiwango cha fedha inayoyeyuka kinachoruhusiwa katika hewa ya viwanda vya Marekani ni miligramu 0.01 kwa kila mita ya ujazo. Kimewekwa chini hivyo hasa kwa sababu ya rangi hii, si kwa sababu ya sumu nyingine. Kuna watu wataliona hilo kuwa ni kujali urembo tu. Mfanyakazi aliyegeuka rangi ya jivu usoni na machoni, na ambaye hakuna dawa wala sabuni itakayomrudisha alivyokuwa, hatakuwa mmoja wao.

Sonara wa Zanzibar au Nizwa anayefua fedha ngumu hayumo kwenye hatari ya kiwango hicho, wala mvaaji wa pete na bangili. Fedha ngumu haiyeyuki kwenye ngozi kiasi cha kusafiri hadi jichoni. Vipi wanja wa manga? Wanja hauna fedha. Shida yake, pale unapotengenezwa kwa jiwe la galena, ni madini ya risasi, na hiyo ni shida kubwa zaidi, hasa kwa watoto wachanga wanaopakwa. Na ile krimu nyeupe ya fedha wanayopakwa wagonjwa wa moto wodini, iliyobuniwa na Charles Fox mwaka 1968, imeokoa ngozi za watu wengi na inatumika kwa wiki chache, chini ya macho ya wauguzi.

Wa mwisho ni wanywaji. Kwenye mitandao huuzwa maji yenye chembechembe za fedha, kwa madai kwamba yanatibu kila kitu kuanzia mafua hadi saratani. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka kwamba bidhaa hizo hazijathibitishwa kuwa salama wala kwamba zinatibu. Mwaka huo huo Stan Jones wa jimbo la Montana alikuwa akijitengenezea yake nyumbani kwa umeme na nyaya za fedha, akihofia kwamba kompyuta zikikwama ifikapo mwaka 2000, antibayotiki zitaadimika. Kompyuta hazikukwama. Jones aligeuka rangi ya buluu-kijivu, na mwaka 2002 aligombea useneta akiwa na rangi hiyo, akapigwa picha na vyombo vya habari vya nchi nyingi. Machi 2020, korona ilipoanza kuenea, mamlaka hiyo hiyo iliwaandikia onyo wauzaji kadhaa, baadhi yao wakiwa wanauza fedha ya kunywa kama tiba ya korona. Fedha inayonywewa huingia kwenye damu, ikasambaa mwilini, na sehemu yake huishia kwenye utando ule ule wa nyuma ya konea, safari hii kwa kupitia mlango wa ndani.

Daktari anayeikuta ana kazi mbili. Ya kwanza ni kutofautisha. Doa jeusi kwenye weupe wa jicho linaweza kuwa saratani ya rangi, na wapo waliokatwa kinyama ili kipimwe maabara kwa hofu hiyo, kikatoka fedha tupu. Rangi iliyo kwenye macho yote mawili, iliyotuama zaidi kwenye kope za chini, huelekeza kwenye fedha. Iliyo kwenye jicho moja, inayokua, lazima ichunguzwe hata kama mgonjwa anakiri alikuwa na chupa ya dawa.

Ya pili ni kuizuia isiongezeke, maana kuiondoa kumeshindikana. Zamani madaktari walijaribu kuchoma sindano ya thiosalfeti ya sodiamu pamoja na ferisianidi ya potasiamu karibu na jicho, yaani zile zile dawa za chumba cha giza zinazofuta fedha kwenye picha. Kwa karatasi zinafanya kazi vizuri. Kwa jicho la mtu aliye hai matokeo hayakuridhisha, na njia hiyo haitumiki tena. Leza imesaidia baadhi ya watu waliogeuka rangi ya ngozi ya uso, lakini hakuna anayeielekeza kwenye utando wa Descemet, ambao mbele yake kuna konea nzima na nyuma yake chembe zinazoifanya konea ibaki angavu, ambazo zikifa hazizaliwi tena.

Kwa hiyo mzee anapewa miwani yake ya kusomea, upasuaji wa mtoto wa jicho unapangwa kama kawaida, na anaambiwa siku akirudi aje na chupa zote za dawa alizo nazo nyumbani, hata zile zisizo na lebo, na hata zile alizoletewa na ndugu kutoka nje. Picha ya konea inapigwa na kuwekwa kwenye faili ili baada ya mwaka ilinganishwe na nyingine.